Jua Siyo Joto Tu: Taa ya Watoto wa Berlin Ilivyoishia Juu ya Kichwa cha Kinyonga

Mwaka 1972 mzigo wa vinyonga kutoka Kenya ulitua Hawaii, kwenye kisiwa cha Oahu. Walikuwa vinyonga wa pembe tatu, wale ambao dume ukimwangalia usoni unaweza kusema ni kifaru aliyepunguzwa akaenea kwenye kiganja. Mwenye mzigo alikuwa jamaa mmoja aliyekuwa na duka la wanyama wa kufuga katika mji wa Kaneohe. Safari ilikuwa imewamaliza. Walifika wamekonda, wamekaukiwa maji, hoi bin taaban. Jamaa hakuwa na dawa ya ajabu. Aliwaachia tu kwenye miti ya uani kwake, wapigwe na jua na mvua, wakipata nguvu ndo awaingize sokoni.

Nguvu wakapata. Halafu wakasepa zao. Leo vizazi vyao vimejaa kwenye vilima vya Oahu na visiwa vya jirani, mpaka wanahesabiwa kuwa wavamizi, maana wanakula wadudu na konokono wa asili wa kule. Kenya ilipofunga biashara ya kuuza vinyonga nje mwaka 1981, Wamarekani hawakukosa kinyonga wa Mlima Kenya. Walimpata Hawaii.

Sasa jiulize. Kwa nini wale wagonjwa walipona uani, wakati wenzao kibao waliofikia kwenye matangi ya kioo, ndani ya nyumba zenye hita, chakula mpaka mdomoni, walikuwa wanakufa mmoja mmoja huku mifupa imelainika kama mpira? Mvua ilisaidia, hewa ya vilimani ilisaidia. Lakini kulikuwa na kitu cha tatu ambacho kwenye tangi hakikuwepo kabisa. Dunia ilichukua zaidi ya miaka 200 kukijua, na mwanzoni habari hii haikuhusu mijusi hata kidogo. Ilihusu watoto.

Watoto wa mjini wenye miguu ya upinde

Karne ya 17 madaktari wa Uingereza walianza kuandika kuhusu ugonjwa uliokuwa unawatesa watoto wadogo. Miguu inapinda, kifua kinabonyea, mtoto anachelewa kutembea. Kwetu tunaita matege. Viwanda vilipokuja, hali ikawa mbaya zaidi. Moshi wa makaa ya mawe ulifunika miji, nyumba zikabanana kwenye vichochoro, na watoto wa maskini wakakua bila kuliona jua vizuri.

Mwaka 1822 daktari mmoja Mpoland aligundua kitu ambacho leo kinaonekana rahisi kabisa: watoto wa Warsaw mjini walikuwa na matege kuliko watoto wa vijijini. Akashauri watolewe nje, wapigwe na jua moja kwa moja. Ushauri ulikuwa wa bure, na labda ndo maana haukuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 1890 daktari mwingine, wa Uingereza, aliyewahi kufanya kazi ya umisheni Japani, alirudi kwao akashangaa. Japani hakuwaona watoto wa matege, lakini kwao walijaa. Akawaandikia wamishonari wenzake waliokuwa nchi nyingine, akakusanya majibu yao, akaona mstari mmoja unapita kote: penye jua la kutosha, matege hayapo. Naye akasema watoto waoteshwe jua. Naye hakusikilizwa sana.

Shida ilikuwa moja. Watu waliamini jua ni joto na mwanga wa kuonea njia, basi. Kama ni joto, si unawasha moto ndani? Kosa hili ndilo lililoua wanyama wengi sana baadaye.

Simba wasioweza kusimama

London ilikuwa na bustani ya wanyama, na mwaka 1849 ilifungua nyumba maalumu ya nyoka na mijusi, ya kwanza duniani. Wanyama wa nchi za joto waliletwa kwenye mji wa baridi na ukungu. Wahusika wakawapa walichoamini ndicho kilichokosekana: joto.

Haikutosha hata kwa simba. Kufikia miaka ya 1880 watoto wa simba waliozaliwa pale London walikuwa wanapata matege yaleyale ya watoto wa binadamu. Mzao baada ya mzao ulikufa. Mwaka 1889 akaitwa daktari mmoja wa upasuaji. Akaangalia chakula: nyama tupu, isiyo na mifupa ya kutafunika. Akaagiza wapewe mifupa iliyosagwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki. Ndani ya miezi mitatu watoto wa simba walikuwa wanasimama wenyewe.

Hapo dawa ilipatikana bila mtu kujua kwa nini inafanya kazi. Mifupa ilileta kalsiamu, yaani madini ya chokaa. Mafuta ya ini la samaki yalileta kitu kingine ambacho bado hakikuwa na jina. Kitu hicho mwili wenyewe hukitengeneza ukipata jua, na simba wa London walikuwa hawalipati.

Taa ya Berlin

Ruka mpaka majira ya baridi ya 1918 kuingia 1919. Vita Kuu ya Kwanza imeisha, Ujerumani imechoka, Berlin ina njaa, na watoto wengi wana matege. Daktari mmoja wa watoto akawachukua wanne waliokuwa na hali mbaya, akawaweka chini ya taa ya zebaki.

Taa ile ndo roho ya stori yote. Kioo cha kawaida, kama cha dirishani kwako, kinapitisha mwanga lakini kinazuia karibu mionzi yote ya UVB, ile mikali ya jua ambayo jicho la mtu haliioni. Taa ya Berlin haikutengenezwa kwa kioo hicho. Ilikuwa na kwatsi iliyoyeyushwa, ambayo inaipitisha. Kwa hiyo mtu aliweza kuingiza kipande kile cha jua ndani ya chumba, katikati ya baridi.

Picha za eksirei zikaonyesha mifupa ya watoto inajijenga upya. Daktari hakuishia hapo. Alimulika mkono mmoja tu wa mtoto, na mikono yote miwili ikapona. Maana yake dawa haikuwa inabaki pale ngozi ilipopigwa. Kuna kitu kilikuwa kinatengenezwa kwenye ngozi kisha kinasambaa mwili mzima.

Daktari huyo alikuwa Myahudi. Wanazi walipochukua nchi alilazimika kuondoka, akahamia Misri, akafia Alexandria mwaka 1940. Mtu aliyewapa watoto wa Ujerumani jua ndani ya chumba alifukuzwa na Ujerumani yenyewe.

Baada yake mambo yalikwenda fasta. Mwaka 1921 madaktari wawili wa New York walionyesha kwamba watoto wa matege wanapona kwa kuoteshwa jua la kawaida tu. Mwaka 1922 kile kitu kikapata jina: vitamini D. Miaka hiyohiyo watafiti wa kuku Marekani waligundua kwamba vifaranga waliofungiwa ndani nyuma ya kioo wanalegea miguu, ila wakitolewa nje juani wanakaa sawa. Yaani mtoto, simba na kifaranga, wote shida moja.

Na kuna hii ya kwetu. Inasimuliwa Zanzibar kwamba mwaka huohuo wa 1919 kisiwa cha Changuu kilipokea zawadi kutoka Ushelisheli: kobe wakubwa wanne. Hakuna aliyewawekea taa wala hita. Walikula majani, wakalala juani asubuhi, wakajificha kivulini mchana, wakataga mayai. Ukienda leo utakuta kundi zima, na wakongwe wao wameandikwa makadirio ya umri mgongoni, wengine zaidi ya miaka 100. Kitu ambacho Ulaya ilikuwa inakitafuta kwa zebaki na umeme, kobe wa Changuu walikuwa wanakipata bure kila asubuhi.

Mwanadada na nyumba yake ya mijusi

Mtu aliyekuja kuunganisha habari za watoto na habari za mijusi ni mwanadada mmoja wa London. Alikuwa mgonjwa tangu utotoni, maumivu hayakumwacha, na ugonjwa ulimzuia kwenda chuo kikuu. Lakini alipenda nyoka na mijusi kupita kiasi, mpaka akiwa shule alifuga mamba mdogo. Mwaka 1923 bustani ya wanyama ya London ikampa kitengo cha nyoka na mijusi. Wanaume wengi wa enzi hizo hawakuzoea kuona mwanamke kwenye kiti hicho.

Mwaka 1927 ikafunguliwa nyumba mpya aliyoichora yeye. Kwanza joto halikutawanywa ovyo. Umeme ulipasha sehemu tofauti kwa viwango tofauti, mnyama akachagua mwenyewe aende penye moto au penye ubaridi. Pili, alitumia aina maalumu ya kioo kilichobuniwa wakati ule kupitisha mionzi ya UV ya jua la kweli. Hakuishia kuwapa mijusi joto. Aliwapa na ule upande wa jua usioonekana.

Ndani ya nyumba ile waliingia kenge wakubwa wa Komodo kutoka Indonesia, waliokuwa gumzo la mji. Mmoja wao alizoea kutembea naye bustanini kama mtu anayetembeza mbwa, na alikula chakula mkononi mwake. Mwanadada huyu alifariki mwaka 1931, ana miaka 34 tu.

Mwili unapokopa kwenye mifupa

Kabla ya kuendelea, hebu tuelewane nini hasa kinatokea, maana hapa ndo watu wengi wanapotea.

Kwenye ngozi ya mjusi, kama kwenye ngozi yako, kuna malighafi inayofanana na mafuta. UVB ikiipiga, inabadilika. Joto la mwili linamalizia kazi, inakuwa vitamini D3. Ini na figo zinaiwasha, ndipo utumbo unaweza kufyonza kalsiamu kwenye chakula. Angalia hapo: mionzi na joto, vyote viwili vinahitajika. Ukileta kimoja, kazi haiishi.

UVB isipokuwepo, na kwenye chakula vitamini D3 haipo, kalsiamu inapita tu na kutoka. Lakini moyo na misuli haiwezi kuishi bila kalsiamu. Basi mwili unakopa kwenye mifupa. Unakopa leo, unakopa kesho, hakuna anayelipa. Taya linalegea. Miguu inapinda. Kinyonga anashindwa kushika tawi, anarusha ulimi haufiki. Gamba la kobe mdogo linabonyea. Mwisho mnyama anatetemeka, na hapo mara nyingi mwenye mnyama ndo anashtuka, wakati shida ina miezi.

Ndiyo maana chatu walidumu kwenye bustani za Ulaya kuliko mijusi wengi. Chatu anameza panya mzima, na ndani ya panya kuna mifupa na ini. Anapata kalsiamu na vitamini kwa pamoja. Mjusi anayekula majani hana bahati hiyo.

Wimbi la iguana

Miaka ya 1960 na 1970 watu wa Marekani na Ulaya walianza kufuga mijusi majumbani kwa wingi. Taa walizokuwa nazo ni tyubu zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu, zikinadiwa kwamba mwanga wake unafanana na wa mchana. Kwa macho kweli ulifanana. UVB yake ilikuwa kidogo sana.

Miaka ya 1990 mambo yakalipuka. Filamu ya dinosaria ya 1993 ilivunja rekodi za mauzo, na kila mtoto alitaka dinosaria wake. Iguana wa kijani kutoka Amerika ya Kati na Kusini akawa dinosaria wa bei chee. Waliingizwa Marekani mamia ya maelfu kwa mwaka. Wengi waliwekwa kwenye tangi dogo, chini ya balbu ya joto, wakalishwa saladi. Madaktari wa mifugo wakaanza kupokea iguana wenye taya la mpira, mmoja baada ya mwingine. Joto lilikuwepo. Chakula kilikuwepo. Kosa la London ya zamani lilikuwa limerudi, safari hii sebuleni kwa watu.

Mwanzoni mwa muongo huo zilikuwa zimeanza kuuzwa tyubu zilizotengenezwa mahsusi kwa mijusi, zenye UVB ya kweli. Ilikuwa imepita miaka 70 na kitu tangu taa ya Berlin. Elimu ilikuwepo vitabuni muda wote huo, ila ilichelewa kumfikia mjusi.

Taa zilizochoma macho

Usidhani stori iliishia pazuri. Miaka ya 2000 soko lilijaa taa za kila aina, na baadhi zilitoa mionzi mikali kuliko ile ya jua lenyewe, mionzi ambayo angahewa huizuia isifike ardhini. Mijusi na kobe wakavimba macho, wakayafumba, wakagoma kula. Wenye wanyama walidhani ni ugonjwa umeingia, kumbe ni taa.

Daktari mmoja wa mifugo wa Uingereza, mwanamke, alishika kipimo cha UV akaanza kupima taa moja baada ya nyingine na kuwaambia watu ukweli wa kila moja. Shughuli ikahama kutoka kwenye maneno ya kwenye boksi kwenda kwenye namba. Nchini Marekani, watafiti waliwafuata mijusi na nyoka porini, wakapima mionzi inayompata kila mmoja pale anapokaa, na mwaka 2010 wakawagawa kwenye makundi manne: kuanzia wanaojificha kivulini siku nzima mpaka wanaoota jua kali la mchana. Taa ikaanza kuchaguliwa kwa kufuata maisha ya mnyama mwenyewe.

Lakini utafiti mtamu kuliko yote ulitoka mwaka 2009, na ulihusu kinyonga wa Madagaska. Walipunguziwa vitamini D kwenye chakula, na wenyewe wakaongeza muda wa kukaa kwenye mionzi. Waliopewa nyingi wakapunguza. Hakuna aliyewafundisha. Kinyonga, ambaye mitaani kwetu watu wanamkimbia kwa kudhani ana laana, anajipimia jua lake mwenyewe. Anachohitaji ni kupewa nafasi ya kuchagua: pa kuotea jua, na pa kujifichia.

Na huku kwetu je?

Mtu wa Dar au Nairobi anaweza kusoma yote haya akasema hayo ni ya Wazungu, sisi jua tunalo mpaka la kumwaga. Ni kweli. Karibu na ikweta UV ya mchana ni kati ya kali zaidi duniani, na kwenye siku zisizo na mawingu kipimo chake kinavuka 11.

Ila angalia tunavyoishi sasa. Apatimenti ghorofa ya nne, madirisha ya kioo, pazia zito, feni juu. Mtu ana kobe sebuleni, anamweka dirishani asubuhi "aote jua", na kwa kuwa chumba ni cha moto anaona kamaliza. Kioo kile kinapitisha joto na mwanga, UVB inabaki nje. Kobe anapata kilekile walichopata simba wa 1889. Joto la Dar halijengi gamba la kobe.

Mafunzo yaliyolipiwa na wanyama wengi sana ni machache na rahisi. Jua la kweli, bila kioo katikati, linashinda taa yoyote. Asubuhi au jioni inatosha kwa wengi, na kivuli kiwepo muda wote. Usimwanike ndani ya tangi la kioo, ataiva humo kabla hujamaliza chai. Kama lazima utumie taa, jua kwamba UVB yake inaisha kabla mwanga haujaisha. Taa inawaka vizuri tu, kumbe kazi iliacha miezi iliyopita. Na umbali una maana: ikikaa mbali haifiki, ikikaa karibu inachoma.

Lingine ni la sheria. Tanzania na Kenya, kinyonga na kobe wa porini ni wanyamapori. Kumwokota barabarani na kumpeleka chumbani bila kibali ni kosa, hata kama nia ni njema. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, miaka mingi baada ya Kenya kufunga mlango wa vinyonga. Miaka yote kabla ya hapo, wanyama wetu waliondoka kwenye jua la bure kwenda kwenye vyumba ambavyo hata wenye navyo hawakujua kinachokosekana. Wengi wao walifia huko, na bajeti ya hita ilikuwa imelipwa yote.

Kwa hiyo ukimwona kinyonga kwenye tawi asubuhi, amejibanza ubavu mmoja upande wa jua, rangi imekuwa nyeusi ili anase mwanga na joto vizuri, usimrushie jiwe. Anajitibu.

Wewe je, nyumbani kwenu kuna kobe au umewahi kufuga mjusi? Anakaa wapi, na jua linamfikaje? Funguka hapo chini.